Mninga wa Mlangoni

Balangdalalu,
18 Aprili 2022

Mwalimu Efrazia,

Salamu nyingi kutoka huku bondeni. Mimi ni Michael Margwe, mlinzi wa msitu wa kijiji, yule aliyekuja na upande wa bibi harusi siku Nikolausi, mtoto wa kaka yako, alipooa. Kama jina halikukumbushi kitu, mimi ndiye uliyenikemea mbele ya watu kwa kupakua pilau na kijiko cha asali. Nilikuwa na haki ya kukasirika, maana asali yenyewe niliileta mimi kutoka mizinga yangu. Sikukasirika. Tangu siku ile natafuta sababu ya kukuandikia, na leo nimeamua kuandika bila sababu.

Simu yangu hupata mtandao nikipanda jiwe lililo nyuma ya nyumba, na jiwe hilo lina wenyewe, nyani, ambao hawataki kuligawana na mtu. Kwa hiyo barua hii nampa Nikolausi akipita na Fuso lake kuchukua vitunguu. Ameapa hataifungua. Namwamini nusu.

Msitu wetu sasa ni wa kijani mpaka macho yanachoka. Mikole imezaa, ndege wanagombania matunda yake tangu asubuhi. Jana nilimwona tandala dume amesimama katikati ya njia ananitazama kama mtendaji anayetaka kuniuliza kibali. Nikampisha.

Mlangoni pangu nina mninga niliouotesha mwenyewe kwa mbegu. Wewe bila shaka unaujua mninga wa vitanda na milango. Wengi wanaujua hivyo tu, ukiwa umekwisha kupigwa randa. Huu wangu bado uko hai, na mwaka huu utachanua vizuri. Maua yake ni ya njano na harufu yake huingia hadi chumbani.

Mimi ni mjane, binti yangu Hilda ameolewa Singida. Nimeandika hili ili usije ukauliza kwa watu wengine.

Wako katika heshima,
Michael Margwe


Maretadu,
9 Mei 2022

Bwana Michael,

Barua yako nimeipata, na bahasha ilikuwa na alama ya kidole chenye oili. Nimemwonya Nikolausi.

Nakukumbuka. Nilikukemea kwa sababu kijiko cha asali ni cha asali, na mtu mzima anapaswa kujua. Hata hivyo pilau ulikula vizuri na shukrani ulitoa, kwa hiyo nilikwisha kukusamehe kabla ya keki.

Mimi pia ni mjane, kama ulivyokwisha kuuliza kwa watu wengine. Usikatae, mke wa Nikolausi amenieleza. Nilistaafu ualimu mwaka juzi na sasa nafundisha maharage kusimama kwenye mistari. Hapa Maretadu ni baridi, tunaota moto, ukungu unaingia jikoni bila hodi. Mgrevilea wangu mmoja ulianza kupukutisha majani, Nikolausi akauangusha siku hiyohiyo. Huku kwetu mti ukibaki mifupa tunajua umekufa, na mti mfu karibu na nyumba ni hatari. Upepo mmoja tu, bati limekwenda.

Nieleze zaidi juu ya msitu. Nimefundisha darasa la nne habari za wanyama kwa miaka mingi kwa kutumia picha za kalenda. Sijawahi kuona tandala anayeomba kibali.

Mwandiko wako ni mzuri, ila herufi kubwa unaziweka popote unapojisikia.

Mwl. Efrazia


Balangdalalu,
30 Agosti 2022

Mpendwa Mwalimu Efrazia,

Herufi kubwa nimezipunguza. Nimesoma barua zako zote tena leo, za Mei, za Juni na ile ya Julai uliyoweka ndani yake mbegu za maharage. Nimezipanda nyuma ya jiko na kanga wamezifukua zote. Kanga wa huku hawana adabu, wanakuja kundi zima kama wageni wa msiba.

Ulitaka wanyama. Digidigi wawili wanakunywa maji kwenye sufuria ninayoiweka uani. Wanatembea pamoja daima. Ukimwona mmoja, mtafute mwenziwe hatua chache nyuma. Komba analia kwenye mpingo uliopinda, analia kama mtoto wa mtu, na wageni hupata shida kulala. Na hondohondo nao, midomo mikubwa kuliko shughuli zao.

Wiki iliyopita karani wa sensa alifika. Akauliza hali ya ndoa. Nikasema, mjane. Akaandika. Nikamwambia, ongeza hapo kwamba kwa sasa. Akasema fomu haina nafasi ya kwa sasa.

Mwalimu, kuna jambo nataka kukuuliza. Nimefukuza fisi na fimbo, nimewahi kumtazama chui akashuka mtini taratibu, lakini jambo hili mdomo unalikataa. Nimejiwekea ahadi. Mninga wangu ukichanua, karibu na mvua za vuli, nitakuita uje uuone, na chini ya maua yale nitauliza. Nikishindwa hapo, basi nimeshindwa.

Mwishoni mwa Septemba nitakuwa Basotu kwa juma moja, tunafundishana kuzima moto wa nyika. Usihangaike kuandika siku hizo.

Wako,
Michael


Maretadu,
29 Septemba 2022

Michael mpendwa,

Nimefanya jambo, na kabla hujarudi kutoka Basotu nataka unisikie mimi kwanza.

Nilikuja. Nikolausi alikuwa anakwenda kuchukua mzigo Balangdalalu, nikasema, mimi ni mwalimu mstaafu, nani wa kunipangia ratiba? Nilitaka kuiona nyumba nikiwa peke yangu, ili ukiniuliza hilo unaloliogopa, jibu langu liwe limekwisha kukaa mahali pake. Nesi Agripina jirani yako alinifungulia jiko, akaniambia nijisikie nyumbani, akakimbilia zamu.

Nyumba ni safi. Kwa mwanaume, ni safi sana. Sufuria ya digidigi niliiona, nikaongeza maji. Na mti wako niliuona, ule mkubwa wa kijani karibu na mlango wa bafu; ulipoandika mlangoni nilidhani ni wa nyumba. Nilikaa kivulini pake nikala ndizi mbili nikiwaza maua ya njano. Ni mti wa heshima.

Lakini Michael, mbona hukuniambia mmepigwa na ukame namna hii? Njia nzima kutoka barabarani ni miti mikavu tu, mifupa kwa mifupa, ardhi ya kijivu. Nilikuonea huruma. Mtu anabaki kulinda miti iliyokufa na bado anaandika barua za kuchekesha.

Basi nikasema siwezi kuondoka bila kukuachia kitu. Mbele ya mlango kulikuwa na mti mmoja uliokufa, unene wa paja, tawi lake limelalia bati kabisa. Nikolausi alikuwa na shoka kwenye gari. Tuliuangusha vizuri, haukugusa hata bati. Tumeupasua kuni na kuzipanga ukutani mpaka kwenye dirisha. Ulikuwa na utomvu mwekundu, Nikolausi akasema labda ndio ugonjwa uliouua. Vilikuwa vinaning'inia juu yake vitu kama vichapati vyenye manyoya katikati. Nimechukua kimoja nikakitia kwenye mkoba, kinanichekesha. Kipande kimoja kinene pia nimebeba, kinanukia vizuri.

Jioni ukirudi umechoka na moshi wa Basotu, washa moto, unikumbuke.

Wako,
Efrazia


Balangdalalu,
8 Oktoba 2022

Mpendwa Efrazia,

Nimerudi salama. Kuni nimezikuta. Zimepangwa vizuri kuliko nilivyowahi kuona kuni zimepangwa. Nilikaa mlangoni nikazitazama muda mrefu.

Asante kwa maji ya digidigi.

Mti uliokaa kivulini pake karibu na bafu ni mkwaju. Ni mti mzuri pia.

Nimechoka kidogo, nitaandika zaidi baadaye.

Michael


Maretadu,
6 Novemba 2022

Michael,

Umeandika zaidi baadaye, nami nimesoma: mistari mitano juu ya nungunungu aliyekula muhogo wa Agripina. Ni habari nzuri ya nungunungu. Siku nyingine ningeifurahia.

Nitauliza kama mwalimu, maana kama mwanamke naona aibu. Mninga umechanua? Ulisema karibu na mvua za vuli. Mvua zimechelewa mwaka huu kila mahali, najua, hata sisi tunatazama mawingu ya bure. Lakini hunitajii tena ule mti. Unataja mkwaju, nungunungu, muhogo. Tangu nilipokuja nyumbani kwako umekuwa mtu mwingine.

Labda nilikosea kuja bila kuitwa. Kaka yangu Joseph anasema mwanamke wa umri wangu anayepanda Fuso kwenda kukagua nyumba ya mwanaume amejishushia bei. Nilimwambia anyamaze. Sasa usiku nakumbuka maneno yake.

Kama moyo umebadilika, sema. Sisi si watoto. Nitalia siku moja, kisha nitapalilia.

Efrazia


Balangdalalu,
15 Novemba 2022

Mpendwa Efrazia,

Moyo haujabadilika. Nakuomba uamini hilo hata kama mengine yote nimeyasema vibaya.

Mninga hautachanua mwaka huu. Wala mwaka ujao. Usiniulize zaidi, tafadhali.

Tarehe 10 Desemba kuna mkutano wa kijiji na nina jambo la kujibu pale. Likiisha nitajua kama nitaendelea kuwa na nyumba hii au la. Sitaki kukuuliza jambo lolote nikiwa sina mahali pa kukuleta. Nipe mpaka hapo.

Joseph mwambie kwamba hukujishushia kitu.

Michael


Maretadu,
28 Novemba 2022

Bwana Michael,

Nimesoma barua yako mara nyingi na kila mara inasema jambo moja. Uliahidi kuuliza mti ukichanua, sasa mti hautachanua kamwe. Wanaume wengine husema hapana kwa mdomo. Wewe umeusingizia mti.

Nakufungua kutoka ahadi yako. Sitakuchukia. Mbegu za maharage usizirudishe.

*

30 Novemba

Barua hiyo hapo juu sikuituma. Naiacha ili uone nilivyokuwa mjinga, nami nione.

Jana nilimpelekea fundi Gerald kile kipande cha kuni nilichobeba kwako. Nilitaka akichonge kigoda. Nilikuwa nimekusudia kiwe zawadi yako, kisha nikasema basi kiwe changu, nikikalie nikichambua maharage na kukusahau. Gerald akakipitisha randa mara moja tu, akasimama. Akasema, "Mama, huu mninga umeupata wapi? Umekatwa ukiwa hai huu. Ona utomvu, damu tupu."

Nikamwambia, haiwezekani, mti ulikuwa hauna hata jani. Akanicheka. Anasema mninga kiangazi chote husimama mtupu, ndivyo ulivyo, na hutoa maua kabla majani hayajajaa. Alifanya kazi Babati miaka mingi, anajua. Anasema miti mingi ya huko hulala hivyo, ukadhani Mungu ameisahau.

Nilikaa chini pale kwenye maranda yake, Michael. Nilikaa kama mtoto.

Ulikuwa umeuotesha kwa mbegu. Niliukata kwa furaha, na nikakuandikia nikuchekeshe na ule utomvu. Nawe ukajibu asante kwa maji ya digidigi.

Nikarudi nyumbani nikamkuta Nikolausi, nikamwambia. Akainamisha kichwa. Kumbe ameanza kusikia huko barabarani tangu wiki iliyopita: bwana misitu amekata mninga wake mwenyewe na anaitwa mkutanoni. Hakunieleza. Alifikiri labda ni mti mwingine, anasema, huku akijua kabisa si mti mwingine.

Kwa nini hukuniambia? Na unakwenda kujibu nini mkutanoni, kosa langu?

Jibu upesi. Nikolausi atasubiri hadi umalize kuandika, nimemwagiza asitoke hapo mlangoni hata kama ni siku nzima.

Efrazia


Balangdalalu,
2 Desemba 2022

Efrazia wangu,

Nikolausi amekaa hapa uani anatazama kisiki kama mtu aliye msibani. Nimempa uji.

Nitakuambia kwa nini, na utaona kosa si lako. Mwezi wa tano uliniandikia kwamba kwenu mti ukibaki mifupa umekufa. Nilisoma sentensi ile nikaogopa. Nikajiuliza, mwanamke wa Maretadu, aliyezoea kijani mwaka mzima, nikimwambia kwamba huku nusu ya mwaka msitu mzima uko uchi, atakuja? Basi nikanyamaza. Nilikuandikia tandala, nikakuandikia komba, kanga, kila kitu, ila majani. Miezi yote ile nilikuwa nakuficha kiangazi. Ungejua, usingeinua shoka. Mti umekatwa na woga wangu, Nikolausi alishika mpini tu.

Nilipokuta kuni sikukasirika, niamini. Nililia, ndiyo. Mti ule ulinisumbua mno. Mninga mchanga huchipua wakati wa mvua, kiangazi shina linakufa kabisa, unabaki mzizi tu chini. Mwaka unaofuata hivyohivyo. Unaweza kukaa miaka mingi unakufa na kurudi, kisha mwaka mmoja, mzizi ukiwa umeshiba, shina linasimama na halianguki tena. Wa kwangu ulisimama mwaka ule aliofariki mama yake Hilda. Sikuwahi kumwambia mtu hilo.

Sasa la mkutano. Sheria ndogo ya msitu wetu inasema anayekata mti hai ndani ya mpaka asimame mbele ya kijiji, autaje mti aliokata, kisha aoteshe miche ya aina hiyohiyo mahali pale na kuitunza yeye mwenyewe hadi isimame. Akiwa ni mlinzi, anaondolewa kazini na kwenye nyumba. Nyumba yangu iko ndani ya mpaka. Sheria hiyo niliitunga mimi, Efrazia. Niliisoma mwenyewe mkutanoni kwa sauti kubwa, na mzee Gidabuday akaniuliza, "Na wewe je?" Nikasema, na mimi pia.

Nimewaambia kamati kwamba mti umekatwa mlangoni kwangu na ni wangu kujibu. Hawakuuliza zaidi na sikuongeza. Hawatasikia jina lako kutoka kwangu. Mwalimu aliyestaafu kwa heshima hatasimama mbele ya watu asiowajua kwa sababu ya jambo alilolifanya kwa upendo. Usije. Nakuomba kwa dhati, usije.

Kuni sijachoma hata moja.

Michael


Balangdalalu,
14 Desemba 2022

Efrazia,

Nilikuomba usije. Nilikuomba kwa dhati.

Bado naona ile siku mbele ya macho. Nimesimama, mtendaji ameshasoma jina langu, nimefungua mdomo kusema "mninga", na Fuso la vitunguu linapiga honi nyuma ya watu. Ukashuka na lile gauni la bluu, ukapita katikati ya wazee wa Kibarbaigi na fimbo zao bila kumkanyaga mtu, ukawaamkia wakubwa shikamoo mmoja mmoja, watu mia wanakusubiri. Kisha ukasema, "Mimi ni Efrazia, mwalimu, kutoka Maretadu. Mti huu nilikata mimi. Nilidhani umekufa. Nilidhani namsaidia." Na Nikolausi nyuma yako akasema, "Na shoka ni langu," kwa sauti ndogo ya ajabu kwa mtu mkubwa vile.

Walicheka, nakiri. Ulidhani wanakucheka wewe, niliona uso wako ulivyobadilika, kisha mvua ikaanza kunyesha na Nikolausi akakuvuta garini kabla njia haijaharibika. Hatukusemezana hata neno. Nilikimbia nyuma ya gari kama mtoto, hukuniona.

Sasa nikueleze kilichofuata, maana hukusikia. Mtendaji alisema mlinzi hana kosa, abaki kazini na kwenye nyumba. Adhabu ni ya aliyekata: aoteshe mininga mahali pale na kuitunza mwenyewe hadi isimame. Ndipo mzee Gidabuday akainuka. Yule mzee niliwahi kumfukuzia ng'ombe kutoka msituni mara nyingi, na amesubiri siku hii muda mrefu. Akaniuliza mbele ya wote, "Michael, mninga unachukua muda gani kusimama?" Nikasema, miaka mingi, saba, pengine kumi, inategemea mzizi. Akauliza, "Na mama anakaa Maretadu. Atakuja kumwagilia kila asubuhi na Fuso?" Akasema, "Basi huyu bwana amejitungia sheria ya kujipatia mke," akakaa.

Hapo ndipo walipocheka hasa, Efrazia, na walikuwa wananicheka mimi. Agripina alicheka mpaka akashikilia ukuta. Sheria lakini imeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, na mtendaji anataka kujua utaanza lini.

Nimemwambia sijui. Sitaki uje kwa sababu ya adhabu. Nitaitunza miche kwa niaba yako, wakubali wasikubali.

Mvua imenyesha siku nne mfululizo. Msitu umeanza kuvaa. Njia ile uliyoiita mifupa kwa mifupa sasa ina majani madogo yanayong'aa, mengine mekundu kabla ya kuwa kijani, nyuki wamerudi kwenye mizinga, na asubuhi hii digidigi hawakuja kunywa kwenye sufuria kwa sababu maji yako kila mahali. Ila mlangoni pangu pana mwanga mwingi kupita kiasi. Sijauzoea.

Sina maua, sina kivuli cha kunificha, nina kisiki na rundo la kuni. Nauliza hivyohivyo. Efrazia, utakubali kuwa mke wangu, uishi hapa na mimi, kiangazi na masika?

Michael


Maretadu,
20 Desemba 2022

Michael wangu,

Ndiyo.

Nimeandika hilo kwanza ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa vizuri.

Nilikuona ukikimbia nyuma ya gari. Nilikuona kwenye kioo cha pembeni. Sikumwambia Nikolausi asimame kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka unione hivyo mara ya kwanza tunapokutana tangu harusi. Sasa umeshajua, na ukinitania juu ya hilo mbele ya Agripina nitarudi Maretadu.

Nilipofika nyumbani nilimwaga mkoba wangu juu ya kitanda nikitafuta kile kichapati chenye manyoya. Kilikuwa pale, kimebanwa kati ya miwani na kitabu cha nyimbo. Gerald alinionyesha jinsi ya kukipasua bila kuumiza mbegu. Nimeziweka kwenye kitambaa chenye unyevu karibu na jiko, kama ulivyofanya wewe bila shaka, na leo asubuhi moja imetoa kijimzizi cheupe kama uzi. Niliita nyumba nzima, yaani nilimwita paka. Ni mti wako uleule, Michael. Niliukata kisha nikautembeza kwenye mkoba miezi yote hii nikikukasirikia.

Kwa hiyo mwambie mtendaji naanza baada ya Krismasi. Joseph atakuja na wazee kuongea na wenu. Ameacha kutaja bei, sasa anataja asali, anasema asali ya harusi ya Nikolausi ilikuwa nzuri na usitegemee kutoa kidogo. Hilda nimemwandikia mwenyewe. Kigoda kimekwisha, kina rangi ambayo sikuwahi kuiona kwenye duka la samani, nitakuja nacho. Tutakikalia kwa zamu mlangoni hapo penye mwanga mwingi. Kuni zilizobaki usichome. Gerald anasema zinatosha viti.

Naogopa jambo moja tu. Kiangazi cha kwanza, hii miche itakauka mbele yangu, nami nitaona imekufa. Umeniambia haijafa, Gerald ameniambia, na bado najua mkono wangu utaniwasha kuing'oa. Itabidi unishike. Itabidi uniambie tena kila mwaka, hadi niamini mwenyewe.

Nikolausi anakusalimu, shikamoo nyingi. Shoka lake nimeliacha hapa kwa Joseph.

Na Michael, mimi pia ni mtu mzima sasa. Ziko siku nitakazokaa kimya na kuonekana nimekauka, bila neno wala cheko, hata ukaanza kujiuliza. Usiogope, wala usiite mtu. Mwagilia tu, usubiri mvua.

Mkeo karibuni,
Efrazia